Omo na Tezi Angani: Jinsi Shehena Inavyotawala Mwendo wa Ndege Ndogo

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kutoka Mafia kwenda Dar es Salaam katika ndege ndogo ya injini moja, yenye viti sita pamoja na cha rubani. Miongoni mwa abiria alikuwamo mzee mmoja, nahodha wa zamani wa majahazi, mtu wa mwili, aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa karibu na mkewe. Rubani, kijana mwenye adabu, alimjia akamwomba ahamie kiti cha mbele kando yake yeye, na mahali pake akae mwanafunzi mmoja mwembamba. Mzee akakataa. Alisema amelipa nauli kama wenziwe, wala haoni sababu ya kutengwa na mkewe kama kwamba wao ni magunia. Rubani akajaribu kumweleza: "Uniwie radhi, mzee wangu, ni habari ya kituo cha graviti." Maneno hayo yakamzidishia mzee hasira, maana aliona anatajiwa jambo asilolijua ili anyamaze. Hapo mama mmoja aliyekuwa kando yangu akasema, "Baba, chombo kimelemea tezi." Mzee akamtazama, akautazama mkia wa ndege kupitia dirishani, akafungua mkanda akahamia mbele pasipo neno jingine. Alipokwisha kukaa alimwuliza rubani swali moja tu: "Na mafuta yakipungua njiani, mwanangu, uzito utahamia wapi?" Rubani akacheka, akawasha injini, na swali likapotea katika kelele.

Swali lile lilikuwa la mtu ajuaye kazi, nami nakusudia kulijibu katika makala haya baada ya kuyaeleza mambo yanayolitangulia. Nitakalolidai ni hili: katika ndege ndogo mahali pa mzigo ni jambo kubwa sawasawa na wingi wa mzigo, na mara nyingi ni kubwa zaidi, tena Kiswahili kilikuwa na maneno ya kulieleza jambo hilo kabla ndege haijabuniwa. Ikiwa rubani hana maneno hayo, abiria hatamwelewa, na abiria asiyeelewa hukataa kuhama kiti, au huficha mfuko mzito chini ya miguu yake.

Wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kufundishwa maana ya omo na tezi. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba maneno haya hayataji mbele na nyuma tu. Baharia asemapo upepo wa omo, au chombo kulemea tezi, anataja pia jinsi chombo kinavyokwenda, kinavyoshika njia na kinavyomtii msukani. Maneno "mbele" na "nyuma" hayana maana hiyo ndani yake. Ndiyo sababu mzee wetu alifahamu mara moja: alisikia habari ya tabia ya chombo, si habari ya viti. Hali kadhalika farumi. Neno hili tumezoea kuliona katika kamusi kama neno la majahazi matupu yanayotiwa mawe au mchanga, lakini nitaonyesha hapa chini kwamba wako wenye ndege leo wanaobeba farumi kila warukapo peke yao.

Lakini mfano wa jahazi una mpaka, na asiyeuona mpaka huo atapotea. Jahazi hushikwa na maji tangu omo mpaka tezi. Ukizidisha mzigo nyuma, tezi itazama kidogo, maji yatalisukuma juu, na chombo kitatulia katika hali mpya, ijapokuwa hali mbaya. Ndege haishikwi na hewa urefu wake wote. Imening'inia katika mbawa zake. Kwa hiyo mfano ulio karibu zaidi ni ule wa mzega, yaani ule mti wa mchukuzi wenye mzigo kila ncha na bega katikati. Mchukuzi akiona ncha moja yashuka, huusogeza mti begani mpaka mizigo ipatane. Rubani hawezi kuyasogeza mabawa. La kusogezwa ni mzigo peke yake, nao husogezwa chini, kabla ya kuruka.

Kuna jambo moja tena ambalo wengi hulidhani kinyume. Mtu akiitazama ndege huona bawa kubwa mbele na bawa dogo mkiani, akafikiri kwamba yote mawili yaiinua. Sivyo. Katika ndege nyingi ndogo za kawaida bawa dogo la mkia huisukuma hewa juu, na lenyewe hukandamizwa chini. Sababu yake ni kwamba uzito wote wa ndege, ukihesabiwa kama umekusanyika mahali pamoja, huangukia mbele kidogo ya pale mabawa makubwa yanapoinulia. Ndege basi ingependa kuinamisha pua wakati wote, na mkia huizuia kwa kukandamiza nyuma. Katika mfano wetu wa mzega, ncha ya mbele ina mzigo, lakini ya nyuma haina mzigo bali mtoto anayeuvuta mti chini kwa mikono yake. Bega la mchukuzi hubeba mzigo pamoja na nguvu za mtoto. Mahali hapo unapokusanyikia uzito nitapaita kitovu cha uzito. Neno "kituo" alilolitumia rubani wetu lina kasoro, maana kituo ni mahali pa kusimama, na hiki hakisimami. Huhama kila mtu apandapo, ashukapo au ainamapo kuokota kitu.

Sasa tuitazame ndege iliyolemea omo, yaani ambayo kitovu chake kimesogea mbele kupita kiasi. Mtoto wa mzega hana budi kuvuta kwa nguvu zaidi, na bega huelemewa zaidi, ijapokuwa mzigo haukuongezeka hata ratili moja. Mabawa hubeba uzito wa ndege pamoja na mkandamizo mkubwa wa mkia. Kwa hiyo ndege huenda polepole kidogo kwa petroli ileile, na mwendo ambao chini yake mabawa huacha kubeba huwa mkubwa zaidi. Wakati wa kuruka, rubani huvuta usukani na pua hukawia kuinuka, na uwanja unaendelea kuisha. Wakati wa kutua ni vibaya zaidi. Kila atuaye hana budi kuinua pua katika nukta ya mwisho ili magurudumu makubwa yaguse kwanza. Na kwa kuwa mwendo umekwisha kupungua, mkia nao umepoteza nguvu. Ikiwa pua ni nzito mno, rubani atavuta mpaka mwisho na pua isiinuke. Gurudumu dogo la mbele litagonga kwanza. Wenye Cessna 182 walijua jambo hili zamani: ndege hiyo ina injini nzito, na watu wawili wakikaa mbele bila mzigo nyuma huelekea kuangukia pua, na nyingi zimepindika ule ukuta wa chuma ulio baina ya injini na chumba cha rubani kwa sababu ya kutua hivyo. Ndipo baadhi yao hutia mfuko wa mchanga au madumu ya maji katika sanduku la mizigo la nyuma, wakaufunga barabara, wakaruka. Hii ni farumi, hapana jina jingine.

Iko pia ndege ya zamani ya Kimarekani, Piper J-3 Cub, yenye viti viwili vilivyofuatana, kimoja nyuma ya kingine. Rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma, na cha mbele hukaa kitupu. Mgeni huona ajabu, kwani mtu huyo angeona vizuri zaidi akiwa mbele. Lakini ndege hiyo ilipangwa ili uzito wa rubani aliye pekee uwe nyuma, na huko ndiko kunakoiweka sawa.

Ndege iliyolemea omo ni nzito mkononi, lakini haimhadai mtu. Humwonya rubani tangu anapoanza kuvuta usukani. Iliyolemea tezi ni kinyume chake, na hapa sina budi kukawia, kwa sababu ndipo watu wanapofia.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba dalili zake ni za kupendeza. Mtoto wa mzega havuti sana, bega limepumzika. Ndege huenda mbio kidogo zaidi kwa petroli ileile. Usukani huwa mwepesi, hata kidole kimoja chatosha. Rubani asiye na uzoefu aweza kudhani kwamba leo ndege ni nzuri kuliko jana. Lakini wepesi huo ni sehemu ya utulivu iliyopotea. Fikiri mshale. Chembe chake ni kizito, na mkiani mna manyoya mepesi. Ukiupiga, huenda sawa, na upepo ukiutikisa hurudi wenyewe katika njia yake. Tia uzito nyuma badala ya mbele, nao utageuka njiani. Ndege ni hivyo hivyo. Upepo ukiinua pua ya ndege iliyopakiwa vema, mabawa na mkia, vikiwa nyuma ya kitovu cha uzito, huirudisha pua chini bila rubani kufanya lolote. Kadiri kitovu kisogeavyo nyuma, ndivyo nguvu hiyo ya kurudisha inavyopungua, mpaka mahali ambapo haipo kabisa. Kikipita hapo, pua iliyoinuliwa na upepo huzidi kuinuka yenyewe, na rubani hupigana nayo kila nukta, akisukuma, akivuta, huku kila asukumapo ikizidi kipimo alichokusudia.

La pili ni ubebaji kukatika. Bawa hubeba maadamu hewa yapita juu ya mgongo wake kwa utaratibu. Likiinuliwa mno kuukabili upepo, hewa huachana na mgongo, na ubebaji hukatika kwa ghafula. Dawa yake yajulikana kwa kila mwanafunzi: shusha pua. Ndege iliyopakiwa sawasawa husaidia, kwani pua yake ina hamu ya kushuka. Iliyolemea tezi haina hamu hiyo. Huenda rubani akasukuma usukani mpaka mwisho na pua isishuke ya kutosha. Ikiwa bawa moja limekatika kabla ya jingine, ndege huanza kuzunguka kama pia inayoshuka. Na kitovu kikiwa nyuma mno, pia hiyo yaweza kulala bapa, ndege ikizunguka huku tumbo limetazama ardhi, na hapo mkia hauna hewa ya kufanyia kazi. Baadhi ya ndege ndogo zina ruhusa ya kuzungushwa hivyo kwa mafunzo, lakini kwa sharti kwamba viti vya nyuma na sanduku la mizigo viwe vitupu.

Tarehe 25 Agosti 2001, ndege ya injini mbili, Cessna 402B, ilianguka mara baada ya kuruka kutoka Marsh Harbour katika visiwa vya Bahamas. Wote tisa waliokuwamo walikufa, na miongoni mwao alikuwamo mwimbaji wa Kimarekani Aaliyah. Yalikuwako makosa mengine katika safari ile, lakini wachunguzi walipopima mizigo na kuwahesabu watu waliona mambo mawili kwa pamoja: uzito ulikuwa umezidi sana kiwango kilichoruhusiwa, na kitovu kilikuwa nyuma ya mpaka wake. Watu waliokuwa wamemaliza kazi na kutamani kurudi kwao walipanda na vyombo vyao vyote.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya mawili hufuatana daima. Nataka kumwonyesha kwa hesabu kwamba ndege yaweza kuwa nyepesi kuliko ilivyoruhusiwa na bado iwe imelemea tezi vibaya. Nachukua Cessna 172 ya aina N, iliyotengenezwa katika miaka ya mwisho ya 1970, kwa kuwa ndege za jina la 172 zimeenea duniani kuliko ndege nyingine yoyote ndogo. Kitabu chake huruhusu ratili 2,300 wakati wa kuruka. Vipimo vya urefu huanzia uso wa ule ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini: viti vya mbele viko inchi 37 kutoka hapo, tangi za petroli inchi 48, viti vya nyuma inchi 73, na sanduku la mizigo inchi 95. Umbali huu nitauita mkono. Ukizidisha kila uzito kwa mkono wake, ukajumlisha, kisha ukagawanya kwa uzito wote, utapata mahali pa kitovu. Ndege ikiwa na uzito kamili, kitovu hakiruhusiwi kuwa mbele ya inchi 38.5, nacho hakiruhusiwi kabisa kuwa nyuma ya inchi 47.3. Chumba chote cha kuchezea, basi, hakifiki hata urefu wa mguu mmoja.

Tuseme ndege tupu ni ratili 1,450 na mkono wake inchi 39.5. Ndege moja hutofautiana na nduguye kidogo, na kila moja ina hati yake. Rubani ni mwanamke mwembamba wa ratili 130, naye yuko mbele peke yake. Nyuma wamekaa wanaume wawili wa ratili 200 kila mmoja, marafiki wasiotaka kutengana. Sanduku lina ratili 120 za mizigo, ambacho ndicho kiwango chake. Petroli iliyobaki ni galoni 10 za Kimarekani, yaani ratili 60. Uzito wote ni ratili 2,160. Bado ratili 140 kufikia mpaka, na mtu anayehesabu uzito peke yake ataridhika. Lakini fanya ile hesabu ya mikono: jumla ni 105,565, na ukigawanya kwa 2,160 wapata inchi 48.9. Kitovu kimepita mpaka wa nyuma kwa inchi moja na nusu na zaidi. Sasa mwambie mmoja wa wale marafiki ahamie kiti cha mbele. Uzito haukubadilika, wala hapana mfuko uliotolewa. Jumla ya mikono hushuka mpaka 98,365, na kitovu chasogea mpaka inchi 45.5, ndani ya mipaka. Mtu mmoja amehama kiti kimoja, na ndege imekuwa ndege nyingine. Yule nahodha alikuwa amekataa jambo kama hili.

Ndege hiyo hiyo yatufundisha jambo jingine, dogo lakini lenye kuwahadaa wanunuzi. Ina viti vinne na tangi za kuchukua petroli ya kutumika ratili 240. Weka watu wanne wa ratili 170 kila mmoja na ujaze tangi: uzito ni 2,370, umezidi mpaka kwa ratili 70 kabla ya mfuko hata mmoja. Viti vinne havina maana ya watu wanne pamoja na tangi kujaa. Mwenye ndege huchagua: watu, au mwendo mrefu.

Nikija kwenye uzito wenyewe, maelezo yake ni mepesi zaidi. Mwendo ambao mabawa huacha kubeba huongezeka kwa kipeo cha pili cha uzito kikigeuzwa, yaani uzito ukiongezeka sehemu 10 katika 100, mwendo huo huongezeka karibu sehemu 5. Umbali wa kukimbia kabla ya kuruka huongezeka zaidi ya hapo: mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwaambia marubani wake kwamba sehemu 10 za uzito hutaka sehemu 20 za umbali. Kupanda nako hupungua, na hapa ndipo joto na mwinuko wa nchi vinapoingia. Injini ya kawaida hupoteza yapata sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila futi 1,000 za mwinuko, na hewa ya moto ni nyembamba kama hewa ya milimani. Uwanja wa Wilson mjini Nairobi uko futi 5,500 na kidogo zaidi juu ya bahari. Mzigo uliopaa vizuri Mombasa alfajiri waweza kuwa mzigo mwingine kabisa Nairobi saa nane mchana, ingawa haukuguswa. Uzito haukuongezeka, hewa ndiyo iliyopungua.

Mfano wake ni ajali ya Cheyenne, katika jimbo la Wyoming, Marekani, tarehe 11 Aprili 1996. Mtoto wa kike wa miaka 7, Jessica Dubroff, alikuwa akijaribu kuivuka nchi hiyo katika Cessna 177B pamoja na baba yake na mwalimu wa urubani, na mwalimu ndiye aliyekuwa rubani mwenye dhamana. Walikufa wote watatu muda mfupi baada ya kuruka. Magazeti yaliandika sana juu ya umri wa mtoto, na Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka huo huo juu ya jambo hilo. Bodi ya uchunguzi ilitazama pia mambo yasiyosisimua: mvua, pepo za ghafula, uwanja ulio juu ya futi 6,100, hewa nyembamba kuliko aliyoizoea rubani, na ndege iliyozidi uzito kwa ratili 96 hivi iliporuka. Ratili 96 ni chini ya uzito wa mtu mzima. Katika uwanja wa pwani, asubuhi tulivu, huenda zisingeonekana kabisa, na hiyo ndiyo hatari yake, maana rubani aliyewahi kuzidisha uzito akapona hujiwekea mpaka wake mwenyewe mahali pa ule wa kitabu.

Sitaki ifahamike kwamba wepesi ni salama kwa kila hali. Cessna 172 niliyoitaja, ikiwa na uzito kamili, mwendo ambao rubani hatakiwi kuupita katika hewa chafuchafu ni noti 97. Ikiwa nyepesi ya ratili 1,600 mwendo huo hushuka mpaka noti 80. Ndege nyepesi hurushwa na upepo kwa urahisi, na mbawa zake hukazwa ghafula zaidi. Baharia atalijua jambo hili pasipo kuelezwa, maana chombo kitupu huenda mrama kuliko chenye shehena.

Kuhusu kufunga mizigo nitasema machache. Shehena isiyofungwa ni shehena isiyo na mkono maalumu. Ndege ikiinua pua kuruka, sanduku lililoachwa huru huteleza nyuma katika saa ileile ambayo kitovu hakitakiwi kurudi nyuma. Na kadiri linavyoteleza ndivyo pua inavyozidi kuinuka, na kadiri pua inavyoinuka ndivyo linavyozidi kuteleza. Hapo hesabu yote iliyofanywa chini haina maana tena.

Hesabu hiyo, kwa upande mwingine, hutegemea watu kusema kweli, na katika jambo hili watu hawasemi kweli. Ukimwuliza mtu uzito wake mbele ya wageni, hasa katika nchi zetu ambako swali hilo ni la hospitali peke yake, atataja uzito wa miaka iliyopita. Wengine hutaja uzito wao bila viatu, bila koti, bila simu na mikufu. Makampuni ya ndege ndogo zinazowapeleka watalii mbugani huweka mpaka wa mizigo, mara nyingi kilo 15 kwa mtu, tena katika mfuko laini usio na fremu ngumu, ili uweze kusukumwa mahali rubani anapopataka. Viwanja vingine vina mizani ya kumpima mtu pamoja na mfuko wake mkononi, na hesabu husomwa na karani peke yake. Naona hiyo ndiyo adabu iliyo bora: uzito hupatikana, na hakuna aliyelazimishwa kuutangaza.

Narudi sasa kwenye swali la nahodha. Mafuta yakipungua njiani, uzito huhamia wapi? Jibu ni kwamba hutegemea tangi ziko wapi kulinganisha na kitovu cha siku hiyo. Katika ile Cessna 172 tangi ziko inchi 48, karibu sana na kitovu cha ndege iliyopakiwa, kwa hiyo galoni zote zikichomwa kitovu husogea kidogo mno. Katika mfano wangu wa kwanza, wa wale marafiki wawili, hakisogei hata sehemu ya kumi ya inchi. Waliounda ndege hiyo waliziweka tangi hapo kwa kusudi. Lakini Beechcraft Bonanza ina tangi katika sehemu ya mbele ya mabawa, mbele ya kitovu. Kadiri petroli inavyoungua ndivyo omo inavyopungukiwa na uzito, na kitovu husogea nyuma safari nzima. Rubani aweza kuondoka akiwa ndani ya mipaka, akafika akiwa nje yake, asiwe ameongeza kitu chochote. Na atafika hivyo katika saa ya kutua, mwendo ukiwa mdogo, akiwa na usukani uliozidi kuwa mwepesi tangu aondoke. Ndiyo maana katika ndege kama hiyo hesabu hufanywa mara mbili kabla ya kuwasha injini: mara moja kwa tangi kama zilivyo, na mara ya pili kwa tangi kama zitakavyokuwa mwisho wa safari. Ikiwa hesabu ya pili imepita mpaka wa nyuma, mtu mzito huombwa ahamie mbele, hata kama ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote.